Milango ya Shirikiani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mliolima kutwa? Aliyelima ni mimi. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Kale, nyanya yangu hajazaliwa, jamaa saba waliochoka ugomvi walipanda mlimani, wakaanzisha kijiji. Wakakiita Shirikiani. Aliyewaongoza ni mama mmoja, Namkunda. Sharti lake moja: nyumba zisiwe na milango. Mwenye njaa aingie ale. Mgonjwa akikohoa, asikike.

"Na wezi, bibi?"

Waibe nini, Nakundwa, na kila kitu ni cha wote?

Wakakaa vizuri. Wakakaa vizuri mpaka mbuzi alipoingia kwa Kiondo, akala mbegu zote. Kiondo akachonga mlango. Mlango ukasema, "Kazi yangu ni kufunga. Ukishanifunga, usinilaumu."

"Ni kwa ajili ya mbuzi tu," akasema Kiondo.

Kipupwe kikaja. Jirani naye akachonga. Mlango ukasema...

"Kazi yangu ni kufunga! Ukishanifunga, usinilaumu!"

"Ni kwa ajili ya baridi tu," akasema jirani.

Mwaka uliofuata mahindi yakawa haba. Wote waliobaki wakachonga. Milango ikasema maneno yaleyale. "Ni kwa ajili ya..." wakasema, wala hawakumalizia.

Akabaki Namkunda peke yake bila mlango. Sasa mbuzi wote, kuku wote, wenye njaa wote, wakawa wanaishia kwake. Kila asubuhi anafagia vinyesi, kila jioni chungu kitupu. Mtu huchoka, wanangu. Akasema, "Nichongeeni na mimi." Wakafurahi mno, wakamchongea mlango mnene kuliko yote.

Masika yalipofika, Namkunda akaugua. Akakohoa, akakohoa. Mlango wake ukaita wenzake, "Fungukeni, mama anakufa."

Ikajibu nini?

"Kazi yetu ni kufunga."

Siku ya tatu hawakuona moshi kwake. Wakavunja, wakamkuta amekufa. Wakambeba juu ya mlango uleule kwenda kumzika.

"Wakang'oa milango yao, bibi?"

Walilia, Nakundwa. Walilia kweli. Wakasema, kesho tutaing'oa. Jioni mbuzi wakarudi kutoka malishoni, kila mtu akafunga.

Kijiji chenyewe ndicho hiki. Funzo lake mnalo: mkimfungia mbuzi, angalieni msimfungie na mtu. Ngano yangu imeisha, na mimi nimeishiwa nguvu. Nendeni kwenu. Nakundwa, ukitoka usiurudishe mlango. Nina kikohozi.

"Na mbuzi je, bibi?"

Waache waingie.