Hatuhesabu Mpaka Kobe Afike

Paukwa!

— Pakawa!

Nyie wa nyuma mmelala? Paukwa!

— Pakawa, twende nayo!

Nikiwaambia pimbi aligombea ukuu wa jimbo zima, mtanicheka?

— Tutakucheka!

Basi chekeni mmalize kabisa, ndipo nianze.

Alikuwepo Pimbi. Mnamjua pimbi? Yule mnyama wa mawe, mkubwa kama sungura aliyeshiba, masikio ya duara, mkia hana. Huyu ninayemsema alikuwa mama wa watu, na kazi yake ilikuwa uwakili. Ukikamatwa kwenye shamba la karanga la mwenzio, na karanga ziko mdomoni, unamwita Bi Pimbi. Naye atauliza kwa upole kama kuna aliyeziona zikiingia. Nungunungu aliokolewa hivyo mara tatu, na mara zote tatu alikuwa amezila.

Tena huyu Pimbi alikuwa amepata kuwa meya. Si meya wa mji mkubwa, usinielewe vibaya. Alikuwa meya wa Mji wa Majabali, mji mdogo sana, ukipiga chafya upande huu, wa upande wa pili wanakuombea afya. Mji wenyewe ulikuwa na shimo moja tu juu ya mwamba linaloweka maji ya mvua, na meya alikuwa na sheria moja tu: mdogo anywe kwanza. Wanaanza watoto, wanafuata waliokonda, wanafuata wakubwa, na wa mwisho kabisa ni meya. Miaka kumi na miwili maji yale hayakuisha. Pimbi akazoea kunywa ya mwisho, yenye mchanga, mpaka akawa anaona maji yasiyo na mchanga hayana ladha.

Sasa, mkuu wa jimbo alikuwa Tembo. Tembo akazeeka, akastaafu, akahamia kwa wajukuu. Kiti kikabaki wazi. Na mwaka huo mto ulikuwa umekauka wote, limebaki bwawa moja, na ndani ya bwawa ameketi nani?

— Kiboko!

Nani kawaambia? Ndiye, Kiboko. Ameketi kama aliyejengewa. Ukitaka kunywa, unaleta kwanza mzigo wa nyasi. Unaweka, anatafuna, chap, chap, chap, ndipo anakusogezea tumbo kidogo upate pa kuingiza mdomo. Leta nyasi, kunywa maji. Huna nyasi, nenda nyumbani. Naye alikwisha kutangaza kwamba akiwa mkuu wa jimbo, visima vyote, vidimbwi vyote na mashimo yote ya mvua atayaweka chini yake, na nyasi zitaletwa mara mbili.

Siku moja Mama Paa akafika Majabali na mwanawe. Midomo ya mtoto imepasuka. Kwao nyasi zilikuwa zimekwisha, hakuwa na cha kumpelekea Kiboko. Pimbi akamwangalia yule mtoto akinywa mpaka akashiba, akamwona anaangalia shimo kana kwamba litafungwa. Moyo ukamuuma Pimbi. Alipofika nyumbani akamwambia mumewe kwamba anagombea. Mume akasema, "Wewe?" Kisha akamtazama vizuri, akaenda kumtafutia joho lake la uwakili.

Kiboko alipopata habari alicheka mpaka bwawa likamwagika. Akasema pimbi hana hata mkia, atampata wapi wa kumfuata. Lakini usiku huo hakulala vizuri. Maana desturi ya jimbo ilikuwa kila mnyama anadondosha kokoto yake kwenye tundu la mti, hakuna anayejua nani kamchagua nani. Asubuhi akamwita msimamizi wa uchaguzi, Mzee Korongo. Akamwambia hataki kokoto. Anataka mlolongo, kama enzi za mababu: kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka, mchana kweupe, amwone kwa macho yake.

Wanyama wote wakaelewa. Asiyeonekana nyuma ya Kiboko, kesho hanywi. Korongo naye alielewa, lakini Korongo alikuwa na shingo ndefu mahali pote isipokuwa mbele ya Kiboko. Akakubali.

Pimbi akavaa joho, akaenda bwawani. Akamkuta Kiboko anakula.

"Bwana Mkubwa, shikamoo. Mlolongo naukubali. Lakini mimi wakili, desturi siwezi kuichukua nusu. Kama ni ya mababu, iwe nzima."

"Ndiyo, ndiyo," akasema Kiboko, chap, chap, chap.

"Mababu walisema mgombea asimame mbele ya mlolongo wake, miguu mikavu, na asiondoke mpaka kura zihesabiwe."

"Ndiyo, ndiyo." Chap, chap, chap.

"Akiondoka, mlolongo wake hauna mwenyewe."

"Ndiyo, ndiyo." Chap, chap, chap.

"Na kura hazihesabiwi mpaka mkazi wa mwisho wa jimbo awe amefika."

"Ndiyo, ndiyo. Umekuja na nyasi au umekuja na maneno?"

Akanyanyua mguu, akaukandamiza kwenye matope, pwata, kuwa amekubali. Pimbi naye akaweka wa kwake pembeni. Alama ya Kiboko ilikuwa kama beseni, ya Pimbi ungedhani tunda limeanguka. Korongo, aliyekuwa amesimama ukingoni, akashuhudia.

Siku zile Kiboko alikuwa anatoka kula asubuhi na jioni, lakini jua likipanda kidogo tu, keshajirudisha majini. Hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini. Pimbi alijiuliza, kwa sababu yeye mwenyewe kila siku anajianika juu ya jiwe tangu kunapokucha, na aliye juani hukosa kazi, hutazama ya wenzake.

Kutoka hapo akafunga safari mpaka mwisho wa jimbo, kwa Kobe. Kobe alikuwa mzee, na maishani mwake hajapiga kura hata moja. Si kwamba hataki. Kila uchaguzi huanza safari, na kila akifika mshindi keshaapishwa, karamu imeliwa, na nyasi zimeota palipochezwa ngoma. Pimbi akamwambia aanze safari siku hiyo hiyo, mwezi mzima kabla. Akifika karibu na uwanja, akae nyuma ya kichuguu. Atoke pale jua litakapofika utosini na kivuli cha kichuguu kuisha.

"Sikuombi uongo, Mjomba. Ukitoka hapo, tembea tu unavyotembea siku zote."

"Na nitawahi?" akauliza Kobe.

"Watakungoja."

Kobe akainuka kuanza safari pale pale. Hajawahi kuambiwa neno hilo.

Siku ikafika. Mbele ya uwanja akasimama Kiboko, na nyuma yake nyumbu, ngiri, pundamilia, swala na watoto wao, mlolongo mpaka ukapinda. Pembeni akasimama Pimbi juu ya jiwe, na nyuma yake mumewe, pimbi wenzake, Mama Paa, na Nungunungu wa karanga. Ukitaka kuwahesabu, usingechoka. Miguuni kwa mumewe kulikuwa na kibuyu cha maji ya Majabali.

Saa mbili, Kiboko akasema, "Hesabu."

Korongo akanyoosha shingo, akatazama bondeni. "Kobe hajafika."

Saa nne, jua limekaa juu ya miti. Mgongo wa Kiboko umekauka, umekuwa kijivu. "Hesabu."

Korongo akanyoosha shingo. "Kobe hajafika."

Saa tano, mgongo ukaanza kupasuka, pwe, pwe, na jasho jekundu likamtoka. "Huyo Kobe ni nani? Hesabu."

"Kobe hajafika, na alama ya mguu wako iko kwenye matope, Bwana Mkubwa," akasema Korongo. Na mwenyewe akashangaa kusikia sauti yake.

Pimbi juu ya jiwe alijisikia vizuri. Jua lilikuwa jua lake. Mambo yalikuwa yanakwenda kama alivyoyapanga, mpaka aliposikia sauti ndogo kutoka kwenye mlolongo wa Kiboko. Mtoto wa Nyumbu alikuwa anamwambia mama yake kwamba ana kiu. Akalia mwingine. Akalia na wa Ngiri, yule mdogo kuliko wote.

Hapo joho likamwia zito. Alikuwa amepiga hesabu ya mgongo wa Kiboko, hakupiga hesabu ya makoo ya watoto. Kwenye jua hili ni yeye aliyewaweka. Na Kobe hawezi kuharakishwa, hata ungemwimbia.

Akakitazama kibuyu. Mumewe akamnong'oneza kwamba kumnywesha mpiga kura siku ya kura ni hongo, na Pimbi mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo. Wakishtakiwa, kura zote zinafutwa, Kiboko anabaki na bwawa, na mwaka huu watoto watakufa. Pimbi alilijua hilo. Kisha akamgeukia Korongo.

"Mzee Msimamizi, naomba kuuliza. Mtoto anapiga kura?"

"Mtoto hapigi kura."

"Mtoto akinywa maji, aliyehongwa ni nani?"

Korongo akasimama kwa mguu mmoja akifikiri. Akasimama kwa mguu wa pili. "Simwoni," akasema.

Kiboko akaguta, "Hakuna. Watoto wangu hawa wako kwenye mlolongo wangu. Nyasi kwanza, maji baadaye."

Alilisema mbele ya mama zao.

Pimbi akashuka na joho lake, akachukua kibuyu, akaenda kwenye mlolongo usio wake. Akaanza na mtoto wa Ngiri. Gugu, gugu, gugu. Akaja wa Swala. Gugu, gugu. Akaja wa Nyumbu, wa Pundamilia, na mwisho mtoto wa Mama Paa, ambaye alikunywa akiwa amefumba macho. Kibuyu kikaisha. Pimbi akakibinua juu ya ulimi wake, kikatoa tone moja, lina mchanga.

Na mwulize wakili yeyote mzuri, atakuambia: mgombea aliyezunguka mlolongo na kurudi kwenye jiwe lake, miguu mikavu, hajaondoka. Ambaye angebisha alikuwa Kiboko tu, na Kiboko hakuwa akisikiliza tena. Ile gugu, gugu ilikuwa imemwingia masikioni. Akatazama bwawa. Akatazama jua. Mgongo, pwe.

"Naenda kulowesha mguu mmoja," akasema. "Mmoja tu. Narudi."

Akatembea. Akatembea haraka. Akakimbia, ardhi ikitetemeka, tumbo likimtangulia, chubwiii! Akazama, akaibuka, akafungua mdomo akanywa na kunywa na kunywa. Mlolongo wake wote ukabaki juani, umekauka koo, unamtazama.

Kivuli cha kichuguu kikaisha.

"Namwona," akasema Korongo.

Jongo. Jongo. Jongo. Kobe anakuja. Jongo. Jongo. Akafika katikati ya uwanja, akapumua, akawaomba radhi kwa kuwangojesha.

"Nimewahi?" akauliza.

"Umewahi, Mjomba," akasema Korongo.

"Naomba unirudie."

"Umewahi."

Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba lake akakaa humo kidogo. Alipokitoa macho yalikuwa na maji, akaenda kusimama nyuma ya Nungunungu, taratibu, akiwa mbali na miiba. Mama Nyumbu akawa wa pili. Akamshika mwanawe, akavuka uwanja bila kutazama bwawani. Akamfuata Ngiri. Akafuata Swala. Mpaka mlolongo wa pimbi asiye na mkia ukapinda.

"Narudi!" akaita Kiboko kutoka majini. "Narudi sasa hivi!"

Akahesabu Korongo, akamtangaza Pimbi mkuu wa jimbo.

Kiboko akatoka bwawani pole pole, mgongo umebabuka, anaona aibu, hana hata mzigo mmoja wa nyasi wa kulipia maji. Watu wakangoja Mkuu mpya amfukuze. Pimbi akashuka jiweni, akachota matope kwa viganja viwili, akapanda juu ya kichwa cha Kiboko, akaanza kumpaka mgongo. Alipaka muda mrefu, maana mgongo ulikuwa mkubwa na viganja vidogo.

"Inauma wapi?" akauliza.

"Hapo," akasema Kiboko kwa sauti ndogo. "Na hapo."

Huku anampaka, akatoa hukumu yake ya kwanza. Bwawa ni la wote, mdogo anywe kwanza. Kiboko anaruhusiwa kukaa humo mchana kutwa kwa ajili ya ngozi yake, ila asogee. Nyasi atajitafutia mwenyewe, usiku, wakati hakuna jua. Ndivyo anavyofanya mpaka leo, nendeni mkamwone.

Kiboko akafikiri. Akauliza, kama yeye anakaa ndani ya maji, si anakunywa kabla ya wote?

"Hilo ni suala zuri la kisheria," akasema Pimbi. "Nitakupangia siku."

Kesi hiyo haijasikilizwa. Wanamngoja Kobe, ndiye shahidi.

Ngano yangu imefika bwawani, imekunywa, imelala.

— Ilale, tuiamshe kesho!

Na funzo lake, sikilizeni vizuri. Kwanza, mkubwa hakosei, akikosea ni jua. Pili, usisikilize maneno ya wakili, wewe endelea kula. Tatu, ukichelewa shuleni kesho na mwalimu akauliza, mwambie alikuwa anatakiwa kukungoja.