Usiku wa Jumatano na Jumatano Usiku

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzi tu, simu zimeshaingia kila nyumba, lilitokea jambo kisiwani likageuka fumbo. Msimulizi amelipitisha kwenye baraza nyingi. Kila baraza ilimpa jibu lake, na hakuna jibu lililomtuliza. Leo analileta kwenu. Sogeeni.

Alikuwako bibi mmoja, Bi Mwanamize, mshonaji wa kofia. Mtoto wa jicho alimwingia macho yote mawili. Vitobo vya kofia alivijua kwa ncha ya kidole, lakini kutunga uzi sindanoni hakuweza tena, na kila uzi ulipomwishia alimwita jirani yake, Bi Tatu. "Naona ukungu na rangi za kanga," alikuwa akisema. "Mtu mwenyewe simwoni." Alitaka kitu kimoja tu duniani: aone tena.

Daktari wa kupasua macho alivuka kuja kisiwani mara moja kwa mwaka. Hupasua asubuhi, alasiri hurudi bara. Mgonjwa lazima awe amelala hospitali usiku wa kuamkia siku hiyo, atiwe dawa na kutayarishwa. Mwaka ule mkuu wa hospitali, Daktari Mfaume, alitaka wagonjwa waitwe kwa ujumbe wa simu, na kazi akawapa watu watatu.

Wa kwanza ni Mwanakheri, muuguzi wa wodi ya macho, mzaliwa wa kisiwa. Yeye ndiye wa kusema wagonjwa waambiwe nini. Wa pili ni Atuganile, binti wa Rungwe, huko bara, aliyeandika programu ya kutuma wito kwa wakati wake. Wa tatu ni Shaame, mwana wa kisiwa, aliyeiunganisha programu hiyo na mtandao wa simu.

Mwanakheri alisema, "Upasuaji ni Jumatano asubuhi. Waambieni waje kulala usiku wa Jumatano."

Atuganile akaandika: Jumatano usiku.

Mnaocheka mmeshaelewa. Wasioelewa, sikilizeni. Kwa watu wa pwani siku huanza jua linapotua. Usiku hutangulia, mchana hufuata. Usiku wa Jumatano ni ule wa Jumanne ikishakuchwa, unaoamkia Jumatano. Lakini kule alikokulia Atuganile, ukisema usiku wa Jumatano watu wanajua mchana wa Jumatano umeshakwisha.

Sasa, programu haipelekwi kwa wagonjwa kabla ya kujaribiwa, na aijaribuye ni programu nyingine. Nani atakaa wiki nzima kungoja Jumatano ifike? Kwa hiyo Atuganile aliitengenezea saa ya bandia. Akiiambia ni Jumatatu, ni Jumatatu. Akiiambia jua limetua, limetua. Aliizungusha mpaka Jumatano baada ya magharibi, akaiuliza programu: mgonjwa anatakiwa awe wodini sasa? Programu ikajibu: ndiyo. Taa ya kijani ikawaka: imefaulu.

Na nani atawatumia wagonjwa ujumbe wa majaribio, awatie kiwewe bure? Kwa hiyo Shaame alitengeneza mtandao wa bandia. Ujumbe ukitumwa, mtandao ule hujibu kama mgonjwa, na jibu lake ni moja: NDIYO. Programu nayo, ikipata jibu lolote, hurudisha: "Ahsante, tumekuandika." Kijani tena.

Walimwita Mwanakheri aangalie kabla ya kazi kuanza. Wodi ilikuwa imejaa, mkononi ana sinia la dawa. Alisoma maneno kwenye kioo cha kompyuta, akaona Jumatano, akaona usiku.

"Ndiyo hivyo hivyo," akasema. "Tumeni."

Ukatumwa. Wagonjwa wa mjini hawakudhurika, maana mjini habari hutembea kwa miguu, na wote waliingia wodini Jumanne. Bi Mwanamize alikaa mbali, shamba. Bi Tatu alimsomea: "Njoo ulale hospitali Jumatano usiku."

"Rudia."

"Jumatano usiku."

"Hapo pana neno," akasema Bi Mwanamize. "Hebu waulize: Jumatano usiku, au usiku wa Jumatano?"

Bi Tatu akaandika swali, akalituma. Jibu likarudi kabla hajaweka simu chini: Ahsante, tumekuandika.

"Wamesemaje?"

"Wamesema ahsante."

"Ahsante ya nini, na mie nimeuliza?" Akatikisa kichwa. "Basi, wao ndio wenye hospitali."

Jumatano magharibi alifika langoni na mkoba, mkeka na chupa ya chai. Daktari wa macho alikuwa ameshapanda boti. Mwanakheri alimkuta amekaa kwenye benchi la wodi tupu, amefunga vizuri ushungi wake, anangoja kuitwa.

Asubuhi yake walikusanyika ofisini kwa Daktari Mfaume. Alikuwa ameshazungumza na bara, na daktari wa macho amekubali kumpasua kule wiki inayofuata. "Jicho lina njia," akasema. "Radhi je? Mtu amekosewa. Nataka nijue aende nani kumwomba."

Alidhani watasukumiana. Hawakusukumiana.

"Niende mimi," akasema Mwanakheri. "Neno ni langu. Nililisema kama tunavyolisema nyumbani, wala sikukumbuka kuwa anayenisikiliza hakuzaliwa nyumbani. Kisha nikaonyeshwa, nikapitisha. Macho yangu ni mazima, na sikuona."

"Hapana, Sista, niende mimi," akasema Atuganile. "Neno ulilisema sawa. Mimi ndiye niliyeligeuza. Halafu nikatengeneza saa, nikaiuliza kama nimepatia. Ile saa ilijua nini? Haikujua ila nilichoiambia. Nilijiuliza mwenyewe, nikajijibu mwenyewe, nikafurahi. Na wewe ulikuwa ng'ambo ya ukuta tu."

Shaame alikuwa akitazama sakafu. "Nyinyi mlikosea siku," akasema. "Kosa la siku lilipata dawa, nayo ni swali. Yule bibi aliuliza! Aliuliza swali lenyewe hasa. Lakini mimi niliufundisha mtandao wangu kwamba mgonjwa hana neno jingine ila ndiyo. Swali lake likapita likahesabiwa ndiyo, nasi tukamshukuru. Na mimi ni mwana wa hapa hapa. Ningeitazama saa ya Atuganile mara moja, ningecheka."

"Mbona hukuitazama?" akauliza Daktari Mfaume.

"Haikuwa sehemu yangu."

Daktari akajishika kidevu. Hakuweza kuchagua. Wakaenda wote wanne mpaka nyumbani kwa Bi Mwanamize, na kila mmoja akasema lake tena. Bibi aliwasikiliza, vidole vikitembea juu ya kofia.

"Sauti zenu nzuri," akasema mwishoni. "Lakini radhi mie simpi mtu nisiyemwona. Siku nitakayofunguliwa bandeji, asimame mbele yangu mmoja, aliyenikosea zaidi. Nimtazame, halafu nijue la kumwambia."

"Tusimame watatu, bibi," akasema Mwanakheri.

"Watatu mna nini, mnapiga picha? Mmoja. Kubalianeni." Kisha akauliza, "Yule asiyeujua usiku wa Jumatano yupi?"

"Ni mimi, bibi," akasema Atuganile.

"Wewe ndiye utakayenishika mkono kwenye boti, mwanangu. Nitakufundisha siku njiani, maana naona shule hawakukumalizia."

Atuganile alicheka na kulia kwa pamoja. Akamshika mkono kupanda, akamshika mkono kushuka. Alimlisha, akamtungia uzi, akajifunza kuhesabu siku kuanzia magharibi. Na kila alipomwinamia bibi alijiambia: akifunguliwa macho, anione mimi. Akinisamehe nijue amenisamehe akiniona. Hakuwahi kutaka kitu kama alivyotaka hicho.

Upasuaji ukapita salama. Asubuhi ya kufungua bandeji Mwanakheri na Shaame nao walivuka. Ukumbini, nje ya chumba, wakabishana tena kwa kunong'ona: neno, saa, mtandao, mtandao, saa, neno. Hawakukubaliana. Wakampigia simu Daktari Mfaume, wakamwambia: amua wewe, nasi tutafuata.

Akaamua: asimame Shaame. Kutoelewana kwa maneno, alisema, hutokea kwa kila mtu. Lakini mgonjwa aliuliza, na hakusikilizwa.

"Si haki," akasema Mwanakheri. "Bila neno langu pasingekuwa na swali."

Shaame aliinamisha kichwa, lakini alipofika mlangoni akasimama, hakuingia. Aliyeutekeleza uamuzi ule ni Atuganile. Alimshika Shaame kiwiko, akamwingiza, akamsimamisha mbele ya kitanda, pale pale aliposimama yeye siku zote zile. Akamnyoosha kola. Kisha akarudi nyuma ya mlango, mahali ambapo mtu aliye kitandani hawezi kumwona, na muuguzi wa kule bara akaanza kuikunjua bandeji.

Basi, enyi mliokaa hapa, semeni kabla bandeji haijaisha. Mmoja alisema neno la kwao akalipitisha bila kulisoma vizuri. Mmoja aliigeuza saa imwambie alichokwisha kukiamini. Mmoja aliunda mtandao usiojua kuulizwa. Macho ya Bi Mwanamize yanafunguka sasa hivi. Je, nani alistahili kusimama pale?