Medali Moja ya Kware wa Korrabin

Hapo zamani, na si ile zamani ya sungura kusema na fisi kujibu, ni zamani ya juzi tu ambayo wenyewe wangali hai na magoti yanawauma, palikuwa na timu ya wanawake iliyoitwa Kware. Kaeni vizuri. Mwenye kusinzia asinzie sasa, maana mwishoni kila mtu atatakiwa kusema lake.

Kware ilikuwa timu ya mji mdogo uitwao Korrabin, huko Australia, mji wa mashamba ya mapeasi. Wanawake wetu waliofika kule kutoka Uvira, Kigoma, Kilifi na Tabora walifanya kazi kiwandani, wakipanga mapeasi kwenye trei. Wakawaona wenyeji wanavyocheza mpira wao wa ajabu, wakasema, na sisi tujaribu. Mpira wenyewe umechongoka kama yai. Unaushika kwa mikono, unaupiga kwa mguu, na kiwanja chake ni kikubwa hata ukimhitaji mwenzako wa upande wa pili ni afadhali umwandikie barua. Uwanjani wanaingia kumi na sita, benchi wanakaa watano. Wa benchi anaingia na wa uwanjani anatoka wakati wowote, refa hapulizi filimbi, ilimradi kila mmoja apite kwenye lango lililochorwa kwa chokaa kando ya uwanja.

Basi hapo kwenye kuingia na kutoka ndipo palipokuwa na ufundi, na fundi alikuwa kocha wao, Nyamizi wa Tabora. Kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akifundisha netiboli. Nyamizi alifunga kamba mbili mbele ya benchi, moja juu, moja chini, akaandika majina ya wachezaji kwenye vibanio vya nguo. Aliye uwanjani kibanio chake kilikaa juu, aliye benchi kilikaa chini. Kila baada ya dakika saba kibanio kilishuka na kingine kilipanda. Uwe hodari, uwe dhaifu, dakika saba zikifika utatoka.

"Zamu ni zamu," alisema Nyamizi.

"Zamu ni zamu," waliitikia wenzake, wengine wakiwa wamenuna.

Timu nyingine ziliwachosha mastaa wao. Robo ya nne ikifika, ambayo ndiyo ya mwisho, mastaa wameshika viuno, Kware wanaingiza watu wenye mapafu mapya. Hivyo ndivyo wapanga mapeasi walivyoshinda mechi moja, wakashinda ya pili, hadi wenyeji wakaanza kuwasalimia madukani kwa majina.

Sasa sikilizeni Nyamizi alivyojitia kitanzini. Siku ya kwanza ya mazoezi, kwenye nyasi zilizolowa umande, alitoa ahadi. Alisema, "Katika timu hii hakuna atakayevaa kitu ambacho mwenzake aliyekitolea jasho hana." Maneno matamu, na siku ya kwanza maneno matamu hayana kazi. Hakujua kwamba ligi ile ilikuwa na mila yake. Siku ya fainali medali wanapewa wale ishirini na mmoja waliocheza siku hiyo, na moja anapewa kocha. Umecheza msimu mzima ukaumia jana, huna. Umejiunga jana ukacheza leo, unayo. Ndiyo mila, na ilikuwepo kabla yao.

Wakafika nusu fainali. Kware walikuwa na mfungaji wao, Faida wa Uvira, mwanamke mrefu mwenye mdomo usiokosa neno. Hakuna mechi aliyokosa kufunga. Robo ya nne, Kware wakiwa mbele kwa pointi moja, dakika saba za Faida zikaisha. Nyamizi alishika kibanio chake akishushe. Akatazama ubao wa matokeo, akatazama saa, akakiacha pale pale. Mara moja tu, alijiambia. Kumbe mara moja inatosha. Wapinzani walipopiga mpira wa mwisho, Faida alirudi mbio kwa miguu iliyochoka akajitupa juu yake mbele ya goli, akauzuia, na goti likazunguka upande usio wake. Kware wakaingia fainali. Faida akaingia hospitali, daktari akamwambia mambo ya kuruka yamekwisha. Nyamizi alijilaumu wiki nzima, na hakutafuta wa kumsaidia kubeba lawama ile.

Jumamosi ya fainali upepo ulivuma tangu asubuhi. Wapinzani walikuwa Pelikani, timu ya mji jirani. Kware wakipasha misuli moto, Mwamvita wa Kigoma alihisi kigimbi kimemkaza. Mwamvita alikuwa na miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wanne, na alikwisha kusema huu ni msimu wake wa mwisho. Wanawe walikuwa jukwaani na kipande cha boksi walichoandika jina lake kwa rangi. Hakuna aliyemwona akichechemea. Angekaa kimya, akaingia dakika tano, akatoka, medali ingekuwa yake. Lakini alimwendea kocha.

"Mdogo wangu," alisema, "mguu umegoma. Nikiingia nitaijaza nafasi, sitaicheza. Mpe mwingine."

Akavua jezi pale pale, akaikunja vizuri, akaikabidhi.

Wa kwanza kwenye orodha ya akiba, ya wale waliobaki nje ya ishirini na mmoja, alikuwa Kache wa Kilifi, mfupi, mwepesi, ambaye tangu msimu uanze hakukosa mazoezi hata siku moja, mvua au baridi. Kwa fainali ile alikuwa amepewa kizibao cha njano cha mpeleka maji, yule anayeruhusiwa kukimbia uwanjani kuwanywesha wenzake na kuwafikishia maneno ya kocha. Alipoona Mwamvita amevua jezi, Kache naye akaanza kufungua zipu ya kizibao. Nyamizi akamtazama Kache. Akatazama miti inavyoinama. Siku ya upepo kama ule mipira ingekuwa ya juu, ya kugombewa hewani. Kisha akamtazama Tabu, binti mrefu kama mlingoti, aliyejiunga mwezi mmoja tu uliopita.

"Tabu," alisema, "vaa."

Kache akapandisha zipu. Akainama akaokota chupa zake za maji.

Mpira ukaanza, na ulikuwa mpira kweli. Pelikani wakifunga, Kware wanarudisha. Vibanio vikapanda, vibanio vikashuka. Zamu ni zamu. Ilipofika robo ya nne, upepo ukang'oa kibanio kimoja kwenye kamba ya juu, kikadondokea kwenye nyasi bila mtu kuona. Nyamizi akahesabu vibanio vya juu: kumi na tano. Akaona timu yake imepungua, akamsukuma mtu wa benchi aingie haraka. Uwanjani sasa Kware wakawa kumi na saba.

Jamani, katika mchezo ule kapteni wa wapinzani ana haki ya kuomba watu wahesabiwe. Mkikutwa mmezidi, pointi zenu zote tangu mwanzo zinafutwa. Si za robo ile tu, zote.

Kache alikuwa katikati ya uwanja na chupa zake. Kiwandani kazi yake ilikuwa kukagua trei, kila trei mapeasi kumi na sita, siku tano kwa wiki, na jicho lililozoea halijui Jumamosi. Akahesabu wenzake, akapata kumi na saba. Akarudia, kumi na saba. Angepiga kelele, Pelikani wangesikia. Angemkimbilia kocha, angechelewa. Akamfuata mchezaji aliye karibu na lango, akammwagia maji shingoni, akamshika kiuno kama anayemsaidia mgonjwa.

"Toka," alimwambia. "Usiulize, toka."

Wakatembea wote wawili kwa mwendo wa watu wanaojizuia kukimbia. Mguu wa mwisho ulivuka mstari wa chokaa, na wakati huohuo kapteni wa Pelikani, ambaye naye alikuwa na macho, akanyoosha mkono akaomba hesabu. Refa akasimamisha mchezo, akawapanga Kware mstari mmoja, akawahesabu kwa kidole. Kumi na sita. Ndipo Nyamizi alipokiona kibanio kwenye nyasi karibu na kiatu chake, akaelewa lililotokea, akakiokota.

Zimebaki sekunde chache, Kware wako nyuma kwa pointi nne. Mpira ukapigwa juu sana, upepo ukauyumbisha, watu wakaruka. Tabu akawaruka watu wawili, akaudaka kule juu, akashuka nao, akaupiga katikati ya nguzo ndefu. Hapo unapata pointi sita. Filimbi ya mwisho ikalia. Vigelegele vilivyopigwa Korrabin siku ile, wenyeji walidhani kuna ajali.

Basi mchana huo ukumbi wa klabu ukajaa. Pilau ilikuwepo, sambusa zilikuwepo, na soseji za wenyeji ndani ya mkate zilikuwepo pia na zililiwa. Ishirini na mmoja wakavishwa medali. Ya ishirini na mbili, ya kocha, ikawekwa juu ya kitambaa cha meza. Mwenyekiti wa ligi, Bibi Dorothy, mwanamke mzee mwenye miwani ya kamba, alikuwa amepanda ngazi fupi mbele ya ubao wa ukutani, akiandika majina ya wenye medali kwa rangi ya dhahabu. Alikuwa amefika mstari wa mwisho.

"Kocha anaweza kuivaa au kumpa amtakaye," alisema, "na jina la atakayeivaa ndilo litakaloandikwa. Nafasi ni ya jina moja. Niambie kabla chai haijaisha, rangi hii inakauka upesi."

Nyamizi alitazama medali ile. Alikuwa na furaha hadi mashavu yanamuuma, lakini hakuinyooshea mkono.

"Mimi siivai," alisema. "Niliahidi. Na humu ndani wako watatu waliotoa jasho na shingo zao ziko tupu."

Wale watatu walikuwa wameketi meza moja. Faida alikuwa amenyoosha mguu juu ya kiti, magongo yake yameegeshwa ukutani. Mwamvita alikuwa amemwekea mto chini ya goti. Kache alikuwa anawamiminia chai. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, lakini hawa waliivuta huku wakipasiana sukari.

Faida akatangulia, kama kawaida yake. "Mimi naitaka, Mama Kocha, sitajifanya mtawa. Kabla ya leo hakuna mechi niliyokosa, na hakuna niliyotoka bila kufunga. Bila goti langu, leo tungekuwa nyumbani tunafua. Halafu zamu yangu ya kupumzika ilifika, wewe ukaniacha uwanjani. Wenzangu mwakani watacheza tena, watapata nyingine. Mimi sina mwakani."

Nyamizi aliinamisha kichwa, kwa sababu ilikuwa kweli.

Mwamvita akaweka kikombe chini. "Faida aliumia, pole yake, lakini hakuchagua. Mimi nilichagua. Jezi ilikuwa mwilini, wanangu wako jukwaani wananiita, nikaivua kwa mkono wangu. Ningesema uongo wa dakika tano tu, ningekuwa nayo. Na mlingoti wetu huyu angekuwa benchi wakati mpira ule unapita juu. Mdogo wangu, mwakani nitakuwa na arobaini. Mimi pia sina mwakani."

Tabu, na medali yake kifuani, alitazama sahani yake.

Kache alimaliza kumimina kwanza. "Mwalimu, mimi bado kijana, hilo nakubali. Lakini dada zangu hawa miili yao ndiyo iliyowafungia mlango. Mimi nilifungiwa na wewe. Nilikuwa wa kwanza kwenye akiba, ukaniruka. Ulikuwa sawa, Tabu amefunga, sikulaumu. Lakini zamu ni zamu, na ile ilikuwa yangu. Hata hivyo nilipowaona kumi na saba sikusema ngoja wakome. Nilikwenda. Nisingekwenda, hao ishirini na mmoja leo wangevaa upepo."

Kisha mama mmoja akasema kutoka nyuma, "Avae kocha mwenyewe. Nani aliyetufikisha hapa kama si kamba zake?"

"Kamba hizohizo ndizo zilizotaka kutuzamisha," alisema Faida, na watu wakacheka, hata Nyamizi mwenyewe akacheka.

Mmoja akasema iuzwe inunuliwe mbuzi. Mwingine akasema ivaliwe kwa zamu, mwezi huyu, mwezi yule. Bibi Dorothy alipotafsiriwa akatikisa kichwa: shingo zinaweza kupokezana, ukuta hauwezi. Watu watakaozaliwa baadaye watasoma jina moja.

Birika likaisha. Nyamizi akasimama, akaichukua medali kwa utepe wake, akasogea hadi kwenye meza ile. Wale watatu hawakumtazama. Faida alikuwa anakunja kitambaa, Mwamvita anaokota punje za pilau mezani, Kache ameshika birika tupu. Walikuwa marafiki walipoingia ukumbini, na Nyamizi alitaka watoke hivyo hivyo.

Bibi Dorothy amekwisha chovya brashi. Haya, ninyi mliokula na ninyi mlionusa tu, semeni. Yuko aliyewafikisha kwa goti lake. Yuko aliyejitoa ili mwingine afunge. Yuko aliyerukwa kisha akawaokoa waliomruka. Je, nani alistahili? Na mkishamtaja mmoja, Jumanne mazoezini mngesimamaje mbele ya wale wawili, mkawaambia zamu ni zamu?