Bibi Asiyegeuza Shingo

Kabla sijaanza, niseme kosa langu. Jirani yangu aliyumba mlangoni pa nyumba ya ibada, nami nikanong'ona, "Kalewa huyo." Watu wakacheka. Hakuwa amelewa. Alikuwa mgonjwa wa kizunguzungu, na maneno yangu yalimfikia. Nilimwomba radhi akanisamehe. Mungu naye anisamehe. Ndiyo maana leo nawatolea ngano hii, niliyoachiwa na nyanya yangu.

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama mna njaa. Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, kale ile ya mtungi kuwa mali na mfinyanzi kuwa mtu mbele ya watu, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Wanawake wa huko hawakufinyanga wameketi. Mtungi ulikaa chini, ukatulia. Mwanamke ndiye aliyeuzunguka, ameinama, akienda kinyumenyume, mkono ndani, mkono nje. Zunguka, kanda. Zunguka, lainisha.

Miongoni mwao alikuwamo Sikudhani, binti yatima. Mama yake alimwachia kitu kimoja tu: jiwe la kulainishia mitungi, jeusi, laini kama yai.

Asubuhi moja Sikudhani aligeuka kitandani. Dunia nayo ikageuka. Zungu, zungu, zungu! Akatapika. Akashika ukuta, ukuta ukakimbia. Akaenda kazini, akabeba mtungi. Zungu, zungu, zungu, pwaa! Mtungi vipande. Kesho yake tena, pwaa! Majirani wakamfukiza ubani, akazidi kutapika. Mwezi ukaisha, mambo ni yale yale.

Chiku, mkubwa wa wafinyanzi, akasema mbele ya wote, "Udongo umemkataa huyu. Mwezi ujao tunafinyanga mtungi mkubwa wa kijiji. Ataufinyanga yeye. Akianguka, atoe jiwe la mama yake, na asikanyage tena shimo la udongo."

Sasa, kijijini hapo alikuwapo Bibi Mize. Watu walimwona mtu wa maringo. Ukimwita kwa nyuma, hageuzi shingo. Husimama, akageuka mwili mzima, taratibu, kama mlango mzito. "Malkia huyo!" walisema.

Bibi Mize akaenda kwa Sikudhani.

"Mjukuu wangu, masikio yanavuma? Mkono umekufa ganzi? Ulimi mzito?"

"Hapana, Bibi. Dunia tu inazunguka. Nikiinama, nikigeuka, nikilala."

Bibi akapiga makofi. "Namjua huyo! Ninaye tangu nikiwa mwali."

"Wewe, Bibi?"

"Mnasema nina maringo. Maringo ya nini, na uzee huu? Nina kizunguzungu."

"Sasa dawa yake nini?"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wako kakaa mwezi mzima anakula bure. Tumpe jembe."

Akamkamata kuku wake, akamshika mbavuni, akampeleka kushoto, akampeleka kulia. Mwili wa kuku ukaenda na kurudi. Kichwa kikabaki palepale hewani, kama kimetundikwa.

"Umeona? Mwili unakwenda, jicho limeshika mahali pamoja. Nawe shika."

Kazi ikaanza. Kila asubuhi Sikudhani alinyoosha kidole gumba mbele ya uso, akakikazia macho, akageuza kichwa kushoto, kulia. Zungu, zungu, zungu!

"Bibi, nakufa!"

"Hufi. Keti, pumua. Kikipita, tena."

Akiamka, alikaa kwanza ukingoni mwa kitanda mpaka nyumba itulie. Akitembea, alishika ukuta. Kisha akashika fimbo. Kisha akamshika Bibi. Kisha hakushika kitu. Na kila alfajiri walipiga dua, maana Bibi alisema dua na jembe ni ndugu. Zungu, zungu, zungu ikawa zungu, zungu. Zungu, zungu ikawa zungu.

Siku ikafika. Kijiji kizima kikajaa uwanjani. Sikudhani akaanza. Zunguka, kanda. Zunguka, lainisha. Mtungi ukafika magotini, ukafika kiunoni. Akawa anamalizia mdomo. Zungu! Akayumba.

"Anayumba! Anayumba!" Chiku akapaza sauti. "Lete jiwe!"

Bibi Mize akaita, "Sikudhani! Kuku!"

Watu wakaangua kicheko. Sikudhani hakucheka. Alisimama, akakazia macho alama ya kidole chake kwenye mdomo wa mtungi. Akapumua. Dunia ikajaribu kukimbia, ikachoka, ikarudi.

"Karibu mgeni," akasema. "Shika jembe."

Akaendelea. Zunguka, kanda. Zunguka, lainisha. Akamaliza, wima, hakushika kitu!

Mtungi ukakauka, ukachomwa. Kwa desturi, mkubwa wa wafinyanzi ndiye huugonga. Chiku akagonga. Ngiiiii! Ukalia mpaka mbuzi wakainua vichwa. Haukuwa na ufa hata mmoja. Vigelegele!

Chiku akainama. "Udongo haukumkataa. Nilimkataa mimi." Kisha akamtupia jicho kuku wa Bibi Mize, aliyekuwa akidonoa kando. "Na huyu, tumchinje kwa sherehe?"

"Thubutu!" akasema Bibi Mize. "Mwalimu haliwi."

Kizunguzungu kilirudi mara mojamoja, kikamkuta Sikudhani na jembe lake mkononi. Akafinyanga mpaka akazeeka. Na tangu Bibi Mize aende kwa Mola wake, katika kijiji kile hakuna anayemwita mzee kwa nyuma. Humpita, wakamkabili usoni, ndipo wakamwamkia.

Maradhi yasiyotaka kuondoka hufundishwa kukaa. Ngano yangu naitua hapa, taratibu, kama mtungi mbichi. Nawaomba kitu kimoja: mkimwona mtu anayumba, msiulize amekunywa nini. Mpeni mkono.