Kichwa Kilichonyolewa Mara Saba

Hapo zamani, katika mji wa Kitumbini, alitawala Sultani Shehale, mtu mwenye desturi ya kurudiarudia amri zake. Na sheria yake ilikuwa kwamba amri ikirudiwa, hutendwa tena. Basi siku moja alisimama mlangoni mwa jiko akamwambia mpishi wake, mwanamke aitwaye Mwanaate, "Tia chumvi! Tia chumvi! Tia chumvi!" Mwanaate akatia mara tatu, ikawa mchuzi hauliki, naye akatupwa gerezani.

Kaka yake, Chande, alikuwa kinyozi fukara asiye na mali ila wembe na ulimi. Akaenda barazani, akapiga magoti.

"Maulana, dada yangu alitii tu."

"Nami nimemfunga tu," akajibu Sultani. "Wamtaka? Ninyoe kichwa mara saba kabla ya adhuhuri. Nikiona tone moja la damu, utamfuata humo humo."

Wazee wa baraza wakainamisha nyuso, kwa maana ni ngozi gani itakayohimili wembe mara saba? Chande akapaka povu, akanyoa kichwa hata kikang'aa. Kisha akasema, "Fumba macho, Maulana, povu lisikuingie," akaendelea huku akihesabu kwa sauti, mpaka saba ikatimia.

Sultani akajipapasa. Hapana damu, hapana unywele. "Mwongo wewe! Umeninyoa mara moja!"

"Ikiwa zimepungua, Maulana, nionyeshe unywele ambao zile sita zingeuondoa."

Sultani akapapasa kisogo, akapapasa na nyuma ya masikio. "Sioni," akakiri.

"Basi amri ni za namna mbili. Kichwa kilichokwisha kunyolewa, ukikinyoa tena hata mara mia, ni kile kile. Lakini chumvi, kila ukitia, yazidi. Aliyeirudia amri ya chumvi kana kwamba ni ya wembe, ni mpishi au ni nani?"

Sultani akaona haya, kisha kicheko kikamponyoka hata machozi yakamtoka. Akaamuru Mwanaate afunguliwe, sheria ile ifutwe, na Chande apewe nyumba ya mawe karibu na soko.

Njiani Mwanaate akauliza, "Kaka, kweli ulimnyoa mara saba?"

"Mara moja, dada. Zile sita nilimpitishia ukucha wa kidole gumba."