Gari la Kumpandisha Mama Mkwe

Si zamani sana, maana viti vya magari vilikwishaanza kukanda watu migongo, Bi Tausi wa Lushoto alishuka Tanga kutafuta gari kubwa la kifahari la kupandishia wageni wa hoteli yake.

"Chukua hili jeusi la petroli," alisema Mbelwa, mwenye yadi. "Lina turbo mbili na shokapu za upepo. Injini yake haijui kuharibika."

"Na lile la kijivu la dizeli?"

"Lile kimeo, dada. Hata kwa nusu bei nakuonea huruma."

Tausi akaaga, akasema anakwenda kufikiri. Mbelwa akachekelea. Lile jeusi lilikuwa likila oili vibaya, na sasa limepata mjinga wake.

Jioni mama mkwe wa Mbelwa akampigia simu. Kesho apelekwe harusini Lushoto, na Mbelwa mwenyewe aendeshe. Mbelwa akayatazama magari yote mawili. Ukimkwamisha mkwe kwenye kona za mlima, ukweni utarudi na uso gani? Asubuhi akawasha la kijivu, likaupanda mlima bila kukohoa.

Mlangoni pa harusi, aliyempokea mama mkwe alikuwa Tausi.

"Shikamoo, mama. Ahsante kwa kuitikia ombi langu, ukamtaka mkweo akulete mwenyewe."

Kisha akamnong'oneza Mbelwa: "Nalichukua hili, kwa nusu bei. Au nimwambie mama umempakia kimeo?"

Mbelwa akatoa ufunguo.

"Na usihofu safari ya kurudi, kaka," Tausi akasema kwa sauti, mama mkwe akisikia. "Agiza lile jeusi lije limchukue mama. Si halijui kuharibika?"