Bi Pimbi, Mgeni wa Bwana Kiboko

Hapo zamani za kale, enzi ambazo Kiboko alivaa tai shingoni na hakuna aliyethubutu kumcheka, palikuwa na mji katikati ya nyika kavu, jina lake Bahatini. Mwenye mji ni Kiboko huyohuyo. Na ninyi mlioko huko nyuma, acheni kutafuna, mnanichanganya.

Bahatini kila kitu cha kutazama kilikuwa bure. Maji yalicheza ngoma: yanaruka juu pwaa! yanakata kiuno, yanarudi chini chubwi! Palikuwa na mlima wa udongo, umejengwa na mchwa, unatema moto kila baada ya chakula, buuum! Nyani nao walitembea juu ya kamba wakiwa wamevaa sketi. Nani asingependa kwenda?

Bi Pimbi alipenda. Huyu alikuwa mama mmoja mdogo kuliko kikapu chake mwenyewe, lakini maneno yake hayakuwa madogo. Siku moja akamwambia mumewe:

"Baba Kidawa, nakwenda kuona maji yanayokata kiuno."

"Nenda, mke wangu, nenda ukatembee! Hizo mbegu za kunde niachie mimi, nitazilinda."

Bi Pimbi akamtazama. Mwaka jana alimwachia azilinde. Aliporudi akakuta sufuria inatokota tokotoko, na mlinzi ameshika mwiko. Mwaka mzima wakala majani makavu, na watoto wakakonda mpaka masikio.

"Hapana," akasema. "Mvua imekaribia na mbegu nyingine hatuna. Nakwenda nazo."

Akajitwika kikapu, akatoka. Njiani akamkuta Mzee Kifaru anatembea upandeupande, kiunoni amejifunga gunia.

"Shikamoo, Mzee Kifaru."

"Marahaba, mwanangu."

"Suruali iko wapi?"

Kifaru akaangua kilio, hii! hii! hii! "Bahatini! Kuingia ni bure, mwanangu, kutazama ni bure. Lakini kutoka lazima upite Jumba la Gurudumu. Mle hamna dirisha, njia inazunguka, ukiuliza mlango uko wapi unaambiwa zungusha gurudumu kwanza. Nikazungusha! Likala kofia. Nikazungusha! Likala viatu. Nikasema sasa nitavirudisha vyote..."

"Likala suruali."

"Usiseme kwa sauti!"

Mtu mwenye akili angerudi nyumbani. Bi Pimbi akili alikuwa nazo, ila hamu ya kuyaona yale maji ilikuwa imemshika kooni. Akaendelea.

Langoni Kiboko alikuwa amesimama juu ya kigoda, anapiga kelele mpaka tai inatetemeka. "Karibuni, karibuni! Mjisikie nyumbani! Ninyi ni wageni wangu mimi mwenyewe!"

"Hata mimi?" akauliza Bi Pimbi kutoka chini.

Kiboko akatafuta sauti inakotoka. "Hata wewe, mama mdogo! Mgeni wangu kabisa!"

"Mbele ya hawa wote?"

"Mbele ya hawa wote!"

"Ahsante sana, mwenyeji wangu," akasema Bi Pimbi, akaingia.

Jamani, alifurahi! Maji yalipokata kiuno, naye akakata. Mlima ulipotema moto akapiga kigelegele, kisha akamwomba Nyati amwinue aone vizuri. Nyani mmoja sketi yake ilinasa kwenye kamba, chwaa! ikabaki juu na mwenyewe akashuka. Bi Pimbi akacheka mpaka akakaa chini.

Jua lilipopinda akafuta machozi, akaenda langoni. Pale alikuwapo Fisi, bawabu wa mji, anacheka hata kabla hajaambiwa kitu.

"Hii hii! Huku ni kuingia tu, mama. Kutoka ni kule, Jumba la Gurudumu."

Bi Pimbi akachungulia ndani ya jumba. Gurudumu linazunguka, kra-kra-kra-kra-ting! Taa zinamkonyeza. Twiga alikuwa anatangatanga mle tangu wiki iliyopita, shuka lake limekwenda, anauliza kila nguzo, "Samahani, mlango uko wapi?" Pembeni Nyati aliyemwinua mchana alikuwa ameshabaki na soksi moja.

"Weka punje moja tu," akamnong'oneza Fisi aliyekuwa amemfuata. "Ukishinda, unatoka na magunia kumi."

Magunia kumi! Mkono wa Bi Pimbi ukaanza kuwasha. Ukaingia kikapuni wenyewe, ukashika punje moja. Sasa hapo niwaambie kweli, alikuwa karibu sana kuwa mjinga. Akawakumbuka watoto wake na yale masikio yaliyokonda, moyo ukampiga pu! pu! pu! Akauchomoa mkono, akarudi mbio kwenye lango aliloingilia.

Akaketi katikati ya lango, kikapu mapajani.

"Fisi, mwambie mwenyeji wangu nimeshiba kutembea, naaga."

"Si uende tu?"

"Niende tu? Peke yangu? Bila kusindikizwa?"

Fisi akasahau kucheka. Akamwita Kiboko, naye akaja anatembea kwa kishindo, dum, dum, dum.

"Kuna nini hapa?"

"Mwenyeji wangu, naomba ruhusa niende. Nasubiri unisindikize."

"Mimi nina kazi, mama. Fisi atakusindikiza."

"Mgeni wa Fisi nitasindikizwa na Fisi. Mimi ni mgeni wa nani?"

Kiboko akakohoa. Nje ya lango wageni wapya walikuwa wameshafika, foleni ndefu, pundamilia na nguruwe na ndugu zao wote. Bi Pimbi akawaona. Akavuta pumzi, akashika kichwa.

"Uwiii! Jamani nimekosa nini? Nimekula nikatupa sahani? Nimemtukana mama yake? Mwenyeji kanikaribisha kwa mdomo wake, leo kunisindikiza hataki! Uwiii!"

Foleni yote ikasogea kusikiliza.

"Hasindikizi wageni?" akauliza Mama Nguruwe.

"Hasindikizi!"

"Hata hatua mbili?"

"Hata moja!"

"Makubwa! Na tai yote ile!" Mama Nguruwe akawashika wanawe mikono. "Geukeni, twendeni zetu. Nyumba isiyo na adabu hiyo."

Pundamilia nao wakaanza kugeuka. Kiboko akaona mji wake unabaki mtupu. Jasho likamtoka.

"Ngojeni, ngojeni! Nani kasema sisindikizi? Nilikuwa natafuta kofia yangu tu! Haya, mama, simama twende."

"Na kikapu?" akasema Bi Pimbi kwa upole. "Kwenu mgeni hujibebea mzigo?"

Kiboko akatazama foleni. Foleni ikamtazama. Akajitwika kikapu.

"Tunapita Jumba la Gurudumu," akanong'ona kwa hasira. Alidhani humo humo atampoteza.

"Tupite popote, mwenyeji wangu. Wewe ndiye unayetangulia."

Hapo Kiboko alijifunga mwenyewe. Mwenye nyumba anayetangulia na mzigo kichwani anaweza kweli kujifanya amepotea, na watu wote wa foleni wamejaa mlangoni wanamtazama? Akapita moja kwa moja: kushoto kwenye nguzo, kulia nyuma ya pazia, na mlango ule pale. Kumbe ni hatua ishirini tu!

Twiga akafumbua macho. "Ala! Kumbe uko hapa!" Akajipanga nyuma ya Bi Pimbi. Nyati na soksi yake akajipanga nyuma ya Twiga. Nyuma ya Nyati wakajipanga tumbili, mbuni, na kobe aliyekuwa humo tangu kiangazi cha mwaka juzi. Kiboko hakuona kitu. Shingo fupi, kikapu kichwani, angegeukaje?

Wakatoka. Jua likampiga Kiboko utosini, waa! "Basi, mama, tumefika nje. Nikuache hapa."

"Hapa? Mlangoni? Kusindikiza gani huko, mwenyeji wangu?"

"Haya, mpaka pale kwenye jiwe."

Kwenye jiwe Bi Pimbi akaanza kumsimulia habari za shangazi yake, na habari za shangazi haziishi njiani. Wakapita jiwe, wakapita kichuguu, wakapita korongo. Ngozi ya Kiboko ikaanza kukauka, krak, krak. Hatimaye wakafika kwa akina Pimbi, na Baba Kidawa akatoka mbio.

"Sufuria ipo tayari!"

"Irudishe jikoni," akasema Bi Pimbi. Akapokea kikapu, akatia mkono ndani, akazikuta kunde zake zimejaa vilevile. Hapo ndipo machozi yakamlenga, maana aliogopa kweli siku ile. "Ahsante, mwenyeji wangu. Sasa umenisindikiza."

Kiboko akageuka arudi. Nyuma yake palikuwa na mstari wa wanyama mpaka kule kwenye korongo, wote aliokuwa amewafungia ndani, wanamngoja kwa adabu.

"Na sisi je?" akauliza Twiga. "Mimi nakaa ng'ambo ya mlima."

"Mimi kule chini bondeni," akasema kobe. "Ila natembea polepole."

Ukimwita mtu mgeni wako mbele za watu, jiandae kumsindikiza mpaka kwake.